Boksi Halikuwa na Hata Mkunjo, Lenzi Ikafika Imevunjika: Jinsi ya Kufunga Lenzi Ndefu kwa Safari



Wiki hii nimeulizwa inboksi na watu kama watano swali lile lile: "Dada, wewe unatumaje lenzi mkoani na zinafika salama?" Nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja, niandike hapa mara moja. Hata kama wewe huuzi lenzi, unauza taa, sahani au asali ya chupa, soma tu, utapata chako.

Kwa wasionijua, nauza na kukodisha kamera na lenzi za mtumba hapa Arusha. Sijasomea kamera popote. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa mapokezi kwenye studio ya picha miaka miwili, mengine nimejifunza kwa kuuliza mafundi na kwa kuharibu. Ninayoandika leo nimeyajifunza kwa kuharibu.

KILICHONIKUTA

Kuna mzee mmoja hapa mjini, miaka mingi ameongoza watalii, sasa amepumzika. Aliniletea lenzi yake ya 150-600mm mali kauli. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka 1,900,000. Ukiuza zaidi, ya juu ni yako." Nikamshukuru, nikapiga picha, nikaweka kwenye ukurasa wangu. Baada ya wiki mbili akatokea mteja wa Mwanza, anapiga harusi na ndege wa ziwani. Akachukua lenzi kwa 2,050,000 na kamera yangu moja juu yake. Akatanguliza nusu, nusu akipokea.

Hapo mimi nishapiga hesabu ya 150,000 yangu kichwani.

Sasa kwenye kufunga nikajifanya mjanja. Nikasema ngoja niiunganishe lenzi kwenye kamera kabisa, mteja akifungua aone inapendeza, apige picha hapo hapo. Nikaiviringisha plastiki ya mapovu mara moja, nikaweka kwenye boksi, nikajaza magazeti yaliyokunjwakunjwa pembeni, nikapiga solotepu mpaka boksi likang'aa. Nikapeleka stendi.

Basi la Arusha kwenda Mwanza linapita Babati, Singida, mpaka Shinyanga. Ni safari ya siku nzima. Kesho yake mteja akanitumia video. Boksi zima. Halina mkunjo, halina tundu, solotepu haijaguswa. Anafungua, anashika kamera, lenzi inaning'inia kama kichwa cha kuku aliyechinjwa. Pale inapoungana na kamera pamepinda, skrubu zimeng'oka.

Nilikaa chini. Mteja hakunitukana, alisema tu, "Dada, nirudishie hela yangu." Nikamrudishia. Fundi wa Dar akanidai 380,000 kutengeneza lenzi na kamera. Lenzi ikapona, lakini nilipokuja kuiuza nilimwambia ukweli mnunuzi kwamba imeshafunguliwa na fundi, akanipa 1,600,000. Mzee nilimwahidi 1,900,000. Ile 300,000 iliyopungua nikamlipa elfu hamsini hamsini kwa miezi sita. Jumlisha na ya fundi, nimepoteza 680,000 kwa kitu ambacho faida yake ilikuwa 150,000. Nauli ya mzigo kwenda na kurudi sijaiweka.

Basi silitaji wala silisemi vibaya, maana kosa lilikuwa langu. Siku ninampelekea mzee ile hamsini ya kwanza, nikamsalimia shikamoo, nikaanza kumlaumu konda. Akanikatisha. "Mwanangu, hiyo lenzi haijavunjwa na kuanguka. Imevunjwa na ulivyoifunga." Akanikalisha, akanieleza alivyokuwa akibeba lenzi za wageni kwenye barabara ya vumbi ya Serengeti miaka yote ile. Mengi ya hapa chini ni yake, mengine nimeyajaribu mwenyewe.

KWA NINI ILIVUNJIKA WAKATI BOKSI NI ZIMA?

Shika hili, maana mengine yote yanatoka hapa: lenzi ndefu haiuawi na kitu kinachoigonga kutoka nje tu. Inauawa na kucheza ndani ya boksi, na inauawa na uzito wake yenyewe.

Chukua mfano wa Sigma 150-600mm ile ya Contemporary, ambayo inatembea sana huku kwetu. Ina kilo 1.93 na urefu wa sentimita 26 ikiwa imefupishwa. Hizo ni kama kilo mbili za sukari zilizopangwa kwenye bomba refu. Ukiiunganisha na kamera, uzito wote huo unashikiliwa na pete moja ndogo pale shingoni, na skrubu chache ambazo ukizidondosha chini huzioni. Boksi likidondoka hata kutoka usawa wa goti, kamera inasimama, lenzi inataka kuendelea. Ni kama jembe, ukilibamiza vibaya kwenye jiwe, linalegea shingoni, mahali mpini unapoingia.

Na yale magazeti? Magazeti yaliyokunjwa yanajaa boksi siku ya kwanza tu. Basi likitikisika saa tatu nne, yanajibana, yanashuka chini, nafasi inabaki wazi. Kuanzia hapo lenzi inatembea ndani, inapiga ukuta huu, inapiga ule, safari nzima. Nje boksi linapendeza. Ndani ni ngoma.

Kwa hiyo kanuni ni mbili tu. Lenzi isafiri peke yake, haijaunganishwa na kitu. Na ndani ya boksi kisicheze chochote.

KWANZA IANDAE LENZI YENYEWE

Kabla hujagusa boksi, fanya haya kwa mpangilio:

1. Zima kamera, subiri sekunde chache, ndipo uchomoe lenzi. Lenzi nyingi ndefu zina kundi la vioo ndani linalocheza ili kutuliza mtikisiko wa mkono. Ukichomoa wakati bado linafanya kazi, halijatulia sehemu yake.

2. Fupisha zumu mpaka mwisho, kisha funga loku. Lenzi kama hizi za Sigma na Tamron za 150-600mm na Nikon 200-500mm zina swichi ya kufunga zumu pembeni. Ukiacha wazi, lenzi inajirefusha yenyewe kwa uzito wake, na sehemu iliyotoka nje ndiyo dhaifu.

3. Weka vifuniko vyote viwili, mbele na nyuma. Cha nyuma ndicho wengi wanapoteza, halafu wanaziba na mfuko wa nailoni na raba bendi. Usifanye hivyo. Pale nyuma kuna vile vishaba vidogo vya kupitisha umeme, vikiingia vumbi au vikikwaruzwa, kamera haiisomi lenzi. Kifuniko cha nyuma hakina bei kubwa, nunua. Na kamera nayo izibwe mdomo, isisafiri wazi.

4. Toa filta ya mbele kama ipo. Filta ni kioo chembamba. Ikipasuka njiani, vipande vyake vinasagana juu ya kioo chenyewe cha lenzi. Funga filta peke yake pembeni.

5. Ile kinga ya jua ya mbele, wengi tunaiita hudi, igeuze ikae kinyumenyume juu ya lenzi. Au itoe kabisa uiweke pembeni. Usiiache imesimama mbele, maana boksi likianguka kwa upande huo, hudi inapokea pigo na kulisukuma kwenye shingo ya zumu.

6. Mguu wa lenzi, ile pete yenye kisahani cha kufungia stendi ya kamera. Kama unatoka, utoe. Kama hautoki, kaza skrubu yake vizuri na ukumbuke uko upande gani, maana ndio utakaotoboa sponji ukizembea.

7. Futa vumbi, kisha ivalishe kitambaa safi cha pamba. Mimi natumia foronya za watoto. Usigandishe solotepu kwenye lenzi moja kwa moja, gundi yake ni kesi nyingine.

Halafu kuna jambo limenipunguzia ugomvi sana. Lenzi nyingi za aina hii ukizitikisa kidogo zikiwa zimezimwa unasikia kitu kinagonga ndani, ko ko ko. Mara nyingi ni lile kundi la vioo la kutuliza mtikisiko, halijashikiliwa kwa sababu hakuna umeme. Si ubovu. Lakini mteja asiyejua atakupigia simu anapiga kelele kwamba umemtumia lenzi mbovu. Mwambie kabla hujatuma, na umtumie video ya lenzi hiyo ikitikiswa hapo dukani kwako, ili sauti anayoisikia kwake aifananishe na ya kwako.

BOKSI NDANI YA BOKSI

Siku hizi natumia maboksi mawili kila lenzi. La ndani linashika lenzi isicheze. La nje linapokea vipigo vya stendi.

Boksi la ndani liwe dogo, liizidi lenzi kidogo tu. Kwa lenzi ya sentimita 26, boksi la 30 kwa 15 kwa 15 linatosha. Lenzi uilaze, sponji iishike urefu wote, si ncha mbili tu. Ukiishika mbele na nyuma peke yake, katikati inaning'inia kama mtu amelalia viti viwili.

Sponji napata kwa mafundi wa sofa na godoro. Wana mabaki wanayauza bei ya kutupa. Lakini si kila sponji. Lile laini sana la mto linajibana lote, kilo mbili zikitua zinagusa boksi kama vile hakuna kitu. Lile gumu kama ubao nalo linapitisha pigo moja kwa moja. Bonyeza na kidole gumba: kizame kiasi, kisiguse upande wa pili, na ukitoa sponji irudi yenyewe. Hilo ndilo lako.

Kisha boksi la nje, liwe na nafasi ya angalau sentimita 5 kila upande, juu na chini pia. Kwa lile la 30 kwa 15 kwa 15, tafuta la kama 42 kwa 27 kwa 27. Ile nafasi ijaze vipande vya sponji kwenye kona zote nane na katikati ya kila ukuta. Watu wanasahau kona, na boksi likianguka mara nyingi linaangukia kona.

Boksi la nje liwe lile gumu la tabaka mbili. Maboksi ya biskuti yaliyolowa yakakauka hayafai, hata kama unayapata bure. Nayapenda ya bure kama wewe, lakini si kwa mzigo wa milioni mbili.

Ndani weka vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu na mabegi mapya. Mimi naviokota kwa wauza viatu. Hakikisha ni vikavu, vile vilivyokaa wazi miezi vimeshashiba maji, havinyonyi tena.

MTIHANI KABLA YA KWENDA STENDI

Ukishafunga, lishike boksi kwa mikono miwili, litikise taratibu mbele ya sikio. Ukiacha ile ko ko ko ya ndani ya lenzi, usisikie kitu kinatembea. Ukisikia kitu kinasogea hata kidogo, fungua uanze upya. Usiseme "si neno". Mimi nilisema si neno, ikanigharimu laki sita na themanini.

Na kama ndio unaanza, usijaribu ufundi wako kwenye lenzi ya mtu. Mimi nilichukua chupa tatu za soda za kioo, nikazijaza maji, nikazifunga pamoja. Zinakaribia kilo mbili. Nikazifunga kama lenzi, nikaliachia boksi kutoka usawa wa kiuno, chini sakafu ya saruji. Mara ya kwanza moja ikavunjika. Nikaongeza sponji kwenye kona, nikarudia, zikapona. Nikaliangusha kwa kona, zikapona tena. Ndipo nikaanza kuamini mkono wangu. Wewe unayeuza vyombo au taa, fanya hivyo hivyo na kitu cha uzito sawa na bidhaa yako.

USHAHIDI NA STENDI

Kufunga vizuri ni nusu. Nusu nyingine ni kujilinda wewe muuzaji.

Piga picha siriali namba ya lenzi ikisomeka. Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, angalia kwa upande wa pili, rekodi hali ya vioo. Rekodi ukifunga mwanzo mpaka mwisho bila kukata. Mtumie mteja video hizo kabla mzigo haujaondoka, akubali kwa maandishi kwamba ameona. Kisha mwombe na yeye arekodi akifungua. Mkiwa na video mbili, hakuna wa kumwonea mwenzake.

Kubalianeni mapema hatari ya njiani ni ya nani. Usisubiri ivunjike ndipo muanze kujadili.

Pale ofisi ya vifurushi, taja thamani ya mzigo, uliza kabla hujalipa: ukipotea au ukivunjika mnalipa kiasi gani? Soma nyuma ya risiti. Ukiona fidia ni ndogo kuliko mzigo, angalau unajua unacheza mchezo gani. Kwa lenzi ya bei kubwa, mimi namtafuta mtu ninayemwamini anayesafiri, aipakate mwenyewe ndani ya basi, isiingie kwenye buti.

Juu ya boksi usiandike "KAMERA" wala "LENZI". Unamwita mwizi kwa jina. Andika "INAVUNJIKA, SHIKA TARATIBU" pande zote, na mshale wa juu. Jina la duka langu lina neno kamera ndani yake, kwa hiyo kwenye mizigo naandika jina langu na namba ya simu tu.

MTEJA ANAYESAFIRI NAYO MWENYEWE

Hapa ni kwa wanaokodisha kama mimi. Lenzi ikitoka dukani kwenda Serengeti siku nne, hukai nayo, lakini ni yako. Kwa hiyo kila anayekodi namweleza mambo haya, nikimaliza ananisimulia yeye, ndipo anaondoka.

Kwa gari: barabara kutoka Ngorongoro kuingia Serengeti ni ya kokoto na matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia. Gari likitetemeka saa nzima, skrubu ndogo za lenzi zinalegea zenyewe. Lenzi isiwekwe sakafuni wala nyuma juu ya tairi. Ikae kwenye kiti, ndani ya begi lenye sponji, begi lifungwe mkanda kama abiria. Au apakate. Gari likitembea, lenzi isiachwe imeunganishwa na kamera ikiwa imelala kitini. Na anayebeba kamera yenye lenzi ndefu, mkono wake ushike lenzi, si kamera. Mkanda wa shingoni nao ufungwe kwenye mguu wa lenzi pale penye tundu lake, usifungwe kwenye kamera peke yake.

Vumbi la huko kiangazi si la mchezo. Kabla ya kubadilisha lenzi, gari lizimwe, madirisha yafungwe. Wakiwa njiani, begi lifunikwe na kanga au kitenge, kikubwa kisafi. Mzee aliniambia katika miaka yake yote kitenge ndicho kifaa chake cha kwanza, na akikitoa hapo kinafutia, kinafunikia, kinakalia mkono dirishani.

Kwa ndege ndogo: wanaoruka kutoka uwanja wa Arusha kwenda Seronera, mashirika mengi yanaruhusu kilo 15 tu kwa mtu, pamoja na begi la mkononi, na wanataka begi laini, si sanduku gumu. Sababu iko wazi ukiiona Cessna Caravan, sehemu yake ya mizigo iko tumboni, ni finyu. Mtu anakuja na sanduku gumu la Pelican 1510, zuri sana, lakini tupu tu lina zaidi ya kilo 5. Hapo theluthi ya mzigo wake imekwisha kabla hajaweka hata soksi. Kwa hao nawapa begi laini la mgongoni lenye vigawanyo vya sponji, na nawaambia lenzi wapande nayo, nguo ndizo ziende tumboni mwa ndege. Sanduku gumu nalitunzia wanaokwenda kwa gari.

Kwa ndege kubwa: lenzi iende mkononi, isikabidhiwe na mabegi ya chini. Betri za akiba za kamera nazo lazima ziwe kwenye begi la mkononi. Sheria za usafiri wa anga haziruhusu betri za lithiamu za akiba kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ya moto. Kila betri izibwe mdomo na kifuniko chake au solotepu, zisigusane na sarafu wala funguo.

Anayevuka mpaka, mfano Namanga kwenda Nairobi, nampa karatasi ya duka yenye siriali namba, na kwamba amekodi na atarudisha. Akiulizwa ana cha kuonyesha.

BARIDI, JOTO NA UKUNGU

Hili halivunji kwa siku moja, linakula taratibu. Mteja wa Dar analala na lenzi kwenye chumba chenye kiyoyozi, asubuhi anaitoa nje kwenye joto la pwani. Papo hapo kioo kinatoka jasho, kama chupa ya maji ya baridi ukiiweka mezani. Jasho hilo linaweza kuingia mpaka ndani. Dawa yake ni kuwa na subira: toa begi nje likiwa limefungwa, uliache nusu saa au zaidi lipate joto la hapo, ndipo ufungue.

Na ukipokea lenzi iliyosafiri, usiiache ndani ya boksi na sponji wiki nzima. Sponji linatunza unyevu, na unyevu pamoja na giza ndivyo ukungu unavyopenda. Ukungu ukishaota ndani ya kioo unakula ile rangi ya juu ya kioo, na fundi akisafisha alama inaweza kubaki. Boksi ni la safari tu. Ukifika, toa, futa, weka mahali penye hewa na ukavu.

GHARAMA YAKE

Najua mtu ameshasema moyoni, "Dada, hayo yote ni hela." Haya, hesabu yangu ya lenzi moja hii hapa: maboksi mawili 3,000. Sponji 6,000. Plastiki ya mapovu 2,500. Solotepu 1,500. Jumla 13,000. Vipakiti vya unyevu bure.

Ile 380,000 niliyompa fundi ingenifungia lenzi 29 kwa mtindo huu. Na hiyo 13,000 siku hizi siifichi, naiandika kwenye bei: lenzi kiasi hiki, kufunga kwa safari kiasi hiki. Hakuna mteja hata mmoja aliyekataa. Wengine wameniambia ndicho kilichowafanya waniamini, maana waliona najua ninachokifanya.

Yule kaka wa Mwanza tulikaa kimya karibu mwaka. Nikimaliza kumlipa mzee, nilimtumia ujumbe, nikamwomba radhi tena, nikamtumia ile video ya chupa za soda zikidondoshwa. Akacheka. Mwezi uliofuata akaagiza lenzi nyingine, ndogo zaidi, nadhani alikuwa ananipima. Ikafika. Akanitumia video anafungua, anachambua sponji kipande kwa kipande kama mtu anamenya vitunguu, mwisho akasema, "Sasa umekuwa."

Na mzee? Juzi kaniletea lenzi nyingine. Mali kauli. Hakusema kitu, aliiweka tu mezani akaniuliza kama chai ipo.

Wewe unauza nini kinachovunjika, na unakifungaje? Andika hapo chini tujifunze. Kama ulishavunja kitu cha mtu, andika pia, hapa hakuna wa kukucheka. Kazi njema wapambanaji.